Mkono Uliofunga

"Funga mwenyewe."

Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake. Msafiri alishuka kwenye basi pale steji ya Garsen, mgongo umemkauka, akamtupia bibi mwenye kibanda begi lake apate kukimbilia chai, na yule bibi hakulipokea. Alimrushia kipande cha kamba ya kumbi, akaketi tena juu ya kibao chake cha mbuzi ambacho meno yake ya kukunia nazi yalikwisha kuvunjika zamani, akasema, "Funga mwenyewe. Mkono uliofunga ndio utakaofungua."

Tulimwita Bi Mizigo. Jina lake la kweli nilikuja kulisikia baadaye sana, na halikuniongezea kitu.

Hapa kwetu hakuna gari la moshi wala ofisi ya kuwekea mizigo. Garsen ni mji wa kungoja. Basi la Lamu hungoja msafara wa askari ndipo liendelee, la Hola hungoja abiria, na mto ukipanda wote hungoja maji. Anayengoja hana pa kuweka begi. Hawezi kwenda nalo msalani wala kuswali nalo, na akiliacha chini ya meza ya hoteli atarudi akute miguu ya meza tu. Kwa hiyo alikuwapo yeye, ndani ya kibanda cha mabati, na mimi nilikuwa jirani yake, nikiuza chai na mahamri. Nilimwona kila siku ya Mungu tangu nilipoacha shule hadi mpwa wake alipokuja kumchukua.

Kibanda chake hakikuwa na kitu sakafuni. Mizigo yote ilikaa juu ya ulingo wa boriti za mkoko, ulionifika kifuani, kwa sababu ya mafuriko. Hakutoa tikiti wala hakuandika kwa chaki. Ulifunga mzigo wako kwa kamba yake, kwa fundo lako, mbele ya macho yake. Ukirudi, uliketi mbele yake ukalifungua. Vidole vikijua njia, mzigo ni wako. Vikipapasapapasa, au ukiomba kisu, basi ungekaa hapo mpaka jua litue na usiupate.

Watu walimcheka mpaka walipoibiwa kwingine.

Alisema kila mtu ana fundo lake, hata anayedhani hana. Mfugaji alifunga begi kama anayefunga ndama, kitanzi kimoja kirefu na nafasi ya kupumua. Wavuvi wa kwao Kipini walifunga kama wanaotengeneza wavu. Wasichana wa chuo walizungusha mara nyingi na kukaza mara moja. Mzungu mmoja aliyekuja kutazama ndege wa delta, akaachwa na msafara wa Lamu, alicheka alipopewa kamba, maana begi lake lilikuwa na kufuli la namba. Akafunga vipepeo viwili juu ya begi kama kamba za kiatu.

"Mwambie," Bi Mizigo akamwambia kijana aliyekuwa akimtembeza yule mgeni, "hivyo hufunga mtoto wa chekechea."

"Siwezi kumwambia hivyo, bibi."

"Basi mwambie fundo ni zuri. Atalijua tu, hakuna mwingine Garsen nzima atakayefunga upuuzi huu."

Kesho yake mgeni alirudi, akavuta ncha moja, kamba ikaanguka yote chini. Bi Mizigo akacheka hadi akajifuta macho kwa ukaya aliojitanda kichwani. Ni mara chache nilimwona akicheka namna hiyo.

Mara nyingi alikuwa na ulimi wa upupu. Kondakta aliyemharakisha alimuuliza kama mama yake alimzaa akiwa amesimama mlangoni mwa gari. Mwanamume aliyelalamika kuwa kibanda kinanuka popo aliambiwa popo walikuwapo kabla yake na hawajawahi kulalamika juu ya harufu yake. Lakini mtu mwenye shida hakumtukana. Alinyamaza tu, na kule kunyamaza kulitisha kuliko matusi.

Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba hakusafiri. Mtu aliyeishi katikati ya mabasi, aliyejua kila dereva kwa honi yake, hakuwahi kupanda gari nikamwona. Kipini si mbali, lakini hakwenda hata kwenye msiba. Alisema "ndia" pale sisi tunaposema "njia", na nilipomuuliza kwa nini haendi kwao alinijibu, "Ndia huchukua mtu ikarudisha mwingine. Mimi nataka nibaki huyu huyu." Sikumuuliza tena. Nilikuwa nimekwisha kujua kwamba anayoyasema kwa upole ndiyo hataki yaguswe.

Siku moja mama mmoja kijana alitaka kumwachia mtoto mchanga, dakika chache tu, akanunue dawa ng'ambo ya barabara. Bi Mizigo alikataa kwa hasira. "Mtoto hafungwi kamba! Mimi natunza mizigo. Nitajuaje ni nani atakayerudi?" Yule mama akamweka mtoto juu ya mkeka hata hivyo, akaenda. Alikawia. Nilipotupia jicho, nilimwona Bi Mizigo amempakata yule mtoto, na kidole kidogo cha mguu wa mtoto amekizungushia uzi mwekundu aliouchomoa kwenye leso yake. Mama aliporudi akilia, alimrudishia mtoto bila neno. Uzi hakuutoa.

Nimelikumbuka jambo hilo mara nyingi kwa sababu ya yale yaliyotupata sisi.

Baba yetu alitangulia, na mama akafuata kabla hatujazoea kuitwa yatima wa upande mmoja. Tulibaki watatu: mimi, Komora anayenifuata, na Habiba, ambaye alikuwa hajaota meno yote. Matanga yalipoisha, ndugu wa baba walikaa uani wakagawana. Huyu atachukua mbuzi, yule shamba la kando ya mto mpaka watoto wakue. Halafu baba mdogo, aliyekuwa na kazi Hola, akasema, "Na watoto? Mkubwa ataolewa karibuni. Wa kiume abaki na bibi yake. Mdogo nitakwenda naye mimi." Alisema hivyo akituonyesha kwa kidole, mmoja mmoja, kama anayemwonyesha utingo mizigo ya kupakia.

Wakati wakinywa chai niliingia chumbani kwa mama. Palikuwa na sanduku lake la bati, la bluu, lenye leso zake za harusi, vikuku vyake, kadi zetu za kliniki na vitu alivyovitunza bila kutuambia kwa nini. Nilijua likipata macho ya watu litagawanywa pia. Nilikuwa nimevaa sare ya shule, kwa sababu ndiyo nguo niliyokuwa nayo isiyokuwa na kiraka. Nikajitwika sanduku, nikatembea nalo hadi steji.

"Funga mwenyewe," akasema Bi Mizigo.

Nilifunga fundo la mama. Mama alisuka mikeka ya miyaa, na mikeka aliifunga kwa namna yake: kamba huzunguka mara mbili, kisha ncha hurudi chini na kujificha tumboni mwa fundo. Ukilivuta, hukaza. Hulegea tu ukilisukuma ndani kwanza. Alinifundisha mimi peke yangu, kwa kuwa Komora alikuwa mtoro na Habiba mdogo.

Bi Mizigo alinitazama vidole, si uso. "Utalijia lini?"

"Shule ikifunga, bibi."

"Haya. Sitampa mtu."

Baba mdogo alikuja siku ya tatu, na shati lake la ofisini. Wakati huo nilikuwa nimekwisha kuanza kuosha vikombe kwenye kibanda cha chai ambacho baadaye kilikuwa changu, kwa hiyo nilisikia yote.

"Shikamoo, mama. Kuna sanduku la marehemu shemeji yangu hapa. La bluu. Nimekuja kulichukua."

"Marahaba. Lile pale. Fungua."

Akalishika fundo, akavuta. Likakaza. Akavuta tena hadi kucha ikamkatika.

"Naomba kisu."

"Kisu changu ni cha samaki."

"Mama, mimi ndiye mkubwa wa watoto hawa sasa. Hii ni mali ya ukoo."

"Basi mwite huyo ukoo aje afungue."

"Unajua mimi ni nani?"

"Najua wewe siye nani," akasema, akamwondolea kamba ya begi la mtu mwingine iliyokuwa njiani, asije akajikwaa.

Aliondoka bila sanduku. Nilidhani tumeshinda. Nilikimbia nyumbani nikamwambie Komora, nikamkuta Komora amekaa mlangoni peke yake. Niliporudi mbio steji, basi la Hola lilikuwa limewasha injini. Baba mdogo alikuwa anapanda, amemshika Habiba mkono, na Habiba ameshika hamri nililompa asubuhi.

Hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona Bi Mizigo ameinuka kwenye kibao chake akiwa na wasafiri mbele yake. Alisimama katikati ya steji, ukaya umemteleza, akilitazama basi. Hakupiga kelele. Mimi ndiye niliyepiga. Basi likaenda. Sanduku halikuchukuliwa, Habiba akachukuliwa, na hatukulizungumza jambo hilo hata siku moja, miaka yote tuliyokaa ubavu kwa ubavu.

Sikurudi shule. Nani angemlisha Komora? Bibi mzaa baba mwenyewe alikuwa akilishwa. Nilisema sanduku litabaki palepale mpaka siku tutakapokuwa watatu chini ya paa moja, na hapo ndipo nitakapolifungua. Komora alinilaumu. Alisema nimemfungia mama ndani. Lakini chumba tulichopanga kilikuwa kikiingia maji kila mto ulipopanda, na baba mdogo alipita Garsen mara kwa mara, akituamkua kwa tabasamu huku macho yake yakitafuta kona za chumba. Nilijua mahali pamoja tu ambapo hangefika.

Hata hivyo, sitaki kuandika kana kwamba Bi Mizigo hakukosea. Alikosea, tena kosa ambalo ni yeye tu angeweza kulifanya. Mfanyabiashara mmoja wa Tarasaa alifunga gunia lake la vitambaa, akaenda Malindi. Akaja mtu mwingine, akaketi, akalifungua fundo bila hata kutazama, kama anayejikuna. Bi Mizigo akampa. Kumbe alikuwa ndugu wa mwenye gunia, tumbo moja, na mama yao ndiye aliyewafunza wote wawili kufunga. Mwenye gunia aliporudi hakumtukana. Alisema tu, "Bibi, umempa mtu mkono wangu." Siku hiyo Bi Mizigo hakula mahamri yangu. Tangu hapo, kila aliyefunga aliulizwa swali jipya: "Nani alikufunza fundo hili, na amemfunza nani mwingine?" Watu walidhani ni udaku. Lakini niliwahi kumwona askari, mtu mzima mwenye bunduki, akijibu, "Ni babangu," kisha akageukia ukutani.

Na mafuriko yale makubwa yalipokuja, sisi sote tukakimbilia nyanda za juu na magodoro vichwani, yeye alipanda juu ya ulingo akalala na mizigo ya watu. Vijana walimfuata kwa mtumbwi, akawapa mizigo kwanza, wakarudi na kurudi, yeye akawa wa mwisho kutoka. Chumba chake mwenyewe, nyuma ya msikiti, kilikwenda na maji, sufuria hadi mswaki. Nilipomwambia pole alisema, "Vyangu nilijifungia mimi. Hakuna atakayenidai." Sanduku la mama lilikuwa limelowa pembe moja tu.

Mwaka huu Habiba amerudi. Baba mdogo alifariki, mkewe akasema nyumba ni ndogo, na mdogo wangu akashuka steji siku moja akiwa mrefu kunishinda, na mfuko mmoja wa plastiki. Alikuwa amefua na kupika katika nyumba ile miaka yote. Hasemi mengi. Lakini jioni ya kwanza, tukila, aliuliza, "Mama alikuwa ananukia nini?"

Nikasema udi. Komora akasema hapana, moshi na miyaa mibichi. Tukabishana, na Habiba akatutazama sisi wawili kama mtu aliyekuja dukani akakuta wauzaji wanapigana. "Kwa hiyo hamjui," akasema.

Nilimwahidi sanduku. Nilimwambia leso za mama zimo, atanusa mwenyewe.

Tatizo ni kwamba wakati huo Bi Mizigo alikuwa ameanza kutuponyoka. Aliweka sukari kwenye maji ya kutawadha. Aliwauliza madereva habari za madereva waliokufa. Wasafiri wakaacha kuja, wakapeleka mabegi yao kwenye chumba kipya cha kuchajia simu, wakipewa karatasi yenye namba. Ndipo mpwa wake alipofika kutoka Kipini, kijana mpole, mwenye haraka. Angemchukua Ijumaa kabla ya swala. Kibanda kingevunjwa, na mizigo iliyosahauliwa ingetupwa, kwani ingefanywaje?

Nilikwenda Ijumaa asubuhi. Mpwa alikuwa amekwisha kushusha vitu chini, kwa mara ya kwanza nikaona sakafu ile ina mizigo. Sanduku la bluu lilikuwa mlangoni.

"Chukua tu, dada," akasema. "Watu wote wananiambia ni lako. Bibi hajui kitu siku hizi."

Bi Mizigo alikuwa ameketi kwenye kibao chake. Nilimwamkua. Akaniitikia vizuri, akaniuliza kama mahamri ya leo yameumuka.

"Yameumuka, bibi. Nimekuja kuchukua sanduku langu."

Akalitazama. Akanitazama. "Wewe ni mwenye mahamri. Hili ni la mtoto wa sare."

"Ndiye mimi, bibi."

"Aa. Yule ni mdogo. Yuko shule."

Mpwa akanikonyeza, akainama alinyanyue sanduku anipe. Bi Mizigo akanyoosha mguu, akaukandamiza juu ya kifuniko. Mguu ule ulikuwa mwembamba kama fimbo ya mwavuli, na mpwa angeweza kuuondoa kwa kidole. Nilimwambia, "Liache, kaka."

"Dada, gari linaondoka saa tano."

"Liache."

Sikuweza kulichukua kwa njia ile ile ambayo baba mdogo angelichukulia. Nikaketi chini mbele yake, nikalivuta fundo karibu. Kamba ilikuwa imekauka, imekuwa ngumu kama mzizi, na pembe iliyolowa mafuriko ilikuwa na ukungu mweusi. Vidole vyangu si vile nilivyofungia. Mafuta ya mahamri yameviunguza, viwili havikunjiki vizuri. Nikatafuta ncha. Sikuiona. Nikavuta, kwa woga tu, na fundo likakaza.

Mpwa alikuwa ameshika kisu. Alikishika tu karibu.

Bi Mizigo aliinama, macho yake yenye ukungu yamefika karibu na mikono yangu. "Nani alikufunza fundo hili?" akauliza.

"Mama yangu."

"Na alimfunza nani mwingine?"

"Hakuna, bibi. Alikufa."

Nilipolisema hilo nilikumbuka mkono wa mama juu ya wangu, ukinizuia nisivute. Nikaweka dole gumba tumboni mwa fundo, nikasukuma kwa ndani. Halikwenda. Nikasukuma tena mpaka ngozi ikachubuka. Kitu kikalegea, ncha ikachomoza, na kamba ikafunguka, mzunguko wa kwanza, kisha wa pili.

Akauondoa mguu wake. Aliichukua kamba, akaanza kuikunja polepole kiganjani kama alivyofanya kila siku, kana kwamba kuna msafiri mwingine nyuma yangu.

"Haya, ni lako," akasema. "Ni la mama yako."

"Asante, bibi."

"Yule mtoto je? Alisema atakuja shule ikifunga."

Mpwa alikuwa amekwisha kuubeba mfuko wa bibi hadi kwenye gari, ambalo dereva wake alikuwa anapiga honi, naye Bi Mizigo hakuigeukia honi ile. Alikuwa akingoja jibu langu.

"Hakurudi shule, bibi," nikasema.

Mikono yake ikaacha kukunja kamba.

"Nilimngoja," akasema. Kisha akanisogelea, kama anayetoa siri kwa mtu wa kuaminika. "Ukimwona, mwambie sikumpa mtu."

Nikamwambia nitamwambia. Nikajitwika sanduku, nikatoka, kwa sababu Habiba alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara akiningoja.